Kitasa Ni Nusu ya Mlango: Kuvielewa Vitasa na Makabati ya Miaka ya 1950 na 1960

Anayenunua kitasa cha mwaka 1955 amenunua nusu tu ya kitu chenyewe. Nusu ya pili ni mlango: unene wake, ukubwa wa tundu lililotobolewa, na umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu hilo. Vivyo hivyo, anayenunua rafu za ukutani zilizotengenezwa Denmark mwaka 1960 amenunua mbao ambazo hazina pa kukaa kama reli na vishikizo vyake vimepotea. Hapa ndipo wakusanyaji wengi wapya wanapokwama. Wanaona picha, wanavutiwa na umbo, wanalipa, mzigo unafika, kisha fundi anawaambia kwamba kitu hicho hakifungiki.

Vitu vya kipindi hiki, yaani takriban mwaka 1945 hadi 1970, vilitengenezwa vikiwa vipande vya mifumo. Wakusanyaji wa vitasa na wakusanyaji wa makabati wanapatikana kwenye maduka yale yale na mara nyingi ni mtu yule yule, na sababu ni hiyo. Ukiujua mfumo, maswali mengine yote yanapata pa kuanzia: kama kitu ni cha kweli, kama kina thamani, kama kitatengenezeka, na kama kinaruhusiwa kuvuka mpaka.

Mizizi ya mifumo hiyo iko Frankfurt, Ujerumani. Kati ya mwaka 1925 na 1930 msanifu majengo Ernst May alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za watu wa kipato cha chini mjini humo. Gharama zilipaswa kushuka, kwa hiyo ofisi yake ilipanga vipimo vya milango, fremu, vitasa na makabati, na vifaa vilivyokubaliwa vikachapishwa katika orodha iliyoitwa Frankfurter Register. Mjenzi alichagua humo badala ya kuagiza kila kitu upya. Jiko alilobuni Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926, lenye makabati yaliyojengewa ukutani na vidroo vya aluminiamu vilivyoandikwa majina ya vyakula, lilitokana na kazi hiyo hiyo, na takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yalijengwa.

May anatuhusu kwa karibu kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika akawa mkulima karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi, na hakuondoka Afrika Mashariki hadi mapema miaka ya 1950. Jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi ni kazi yake. Mtu aliyesaidia kukiingiza kitasa katika orodha ya vipimo vya kiwanda aliishi kwetu karibu miaka ishirini, na majengo yake bado tunayapita njiani.

Kitasa cha matundu mawili

Kitasa cha zamani kilikuwa sanduku la chuma lililozamishwa ndani ya ubavu wa mlango. Fundi hutoboa kwa keekee, huchonga kwa patasi mpaka apate mfuko wenye kina na upana sawasawa, ndipo huliingiza sanduku. Ni kazi inayodai mkono uliozoea. Patasi ikipotoka kidogo, ubavu wa mlango unapasuka au kitasa kinakaa upande.

Walter Schlage, Mjerumani aliyehamia San Francisco na kuanzisha kampuni yake mwaka 1920, aliigeuza kazi hiyo kuwa ya kutoboa tu. Kitasa chake kilihitaji matundu mawili, moja kubwa la duara usoni mwa mlango na jingine dogo ubavuni, yanayokutana ndani. Kitasa kizima kinaingia humo, na kujifungia kwa ndani kunafanywa kwa kubonyeza kitufe kilicho katikati ya kishikio.

Uvumbuzi huu ulipata soko lake kubwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Wanajeshi wa Marekani walirudi nyumbani, familia changa zikahitaji makazi, na wajenzi wakaanza kuinua mtaa mzima kwa mpigo. Levittown, katika Long Island jimboni New York, ilianza mwaka 1947, na kufikia mwaka 1951 ilikuwa na nyumba zaidi ya 17,000. Kwikset, iliyoanzishwa South Gate, California, mwaka 1946, iliwauzia wajenzi wa aina hiyo kitasa chepesi cha bei nafuu. Mlango uliokuwa ukimpotezea seremala muda mrefu sasa ulikamilika kwa dakika chache.

Je, kama vitasa vyote vilifanana, uzuri wanaoutafuta wakusanyaji ulitoka wapi? Ulitoka kwenye bamba. Kati ya kishikio na mlango waliweka bamba pana la shaba, la aluminiamu au la chuma kilichopakwa kromu, lenye umbo la nyota, la almasi, la jua lenye miale, au la mraba uliosimama kwa pembe. Kwa gharama ndogo, mlango uleule wa kila nyumba ulipata sura ya peke yake. Lakini bamba pana haliwezi kukaa karibu na ukingo wa mlango, kwa hiyo kishikio kilisogezwa ndani. Umbali wa kawaida kutoka ukingo hadi katikati ya tundu ni 60 mm au 70 mm. Kwa mabamba makubwa ulikuwa inchi 5, yaani 127 mm, na milango mingine ilikuwa na kishikio katikati kabisa.

Ukiliona bamba la nyota unalolitamani, basi, swali la kwanza ni la hesabu. Pima upana wake, ugawanye kwa mbili. Kama jibu linazidi umbali wa kitasa chako kutoka ukingoni, bamba litatokeza nje na mlango hautafunga. Kisha pima tundu lake la katikati. Tundu la kawaida la mlango wa leo ni 54 mm. Baadhi ya vitasa vya zamani vilihitaji tundu dogo zaidi, na bamba lililotengenezwa kwa vitasa hivyo linaweza kushindwa kufunika kazi ya keekee ya leo. Mwisho uliza lilikuwa la kitasa cha kampuni gani, kwa sababu mabamba mengi hayana skrubu yoyote: yanabanwa na kitasa chenyewe, na kitasa cha kampuni nyingine hakitaligusa panapotakiwa.

Inafaa kujua vitasa hivi vinafunguliwaje kabla hujavigusa. Shika kitasa cha Schlage cha miaka ya 1950. Kwenye shingo ya kishikio cha ndani utaona mwanya mwembamba. Ingiza ncha ya msumari mdogo humo, bonyeza, na kiulimi chenye springi kinazama. Kishikio kinavutika bila nguvu. Chini yake kuna kifuniko cha duara kinachobanduliwa kwa bisibisi bapa, na chini ya kifuniko kuna kibamba chenye skrubu mbili. Kwa nje hakuna skrubu hata moja inayoonekana. Kwenye Kwikset za zamani, skrubu mbili ziko wazi upande wa ndani wa chumba. Wabomoaji wasiojua tofauti hii hukivuta kishikio cha Schlage kwa nguvu wakidhani kimeshikwa na kutu, na kiulimi kinavunjika. Vitasa vingi vinavyouzwa kwa bei ya kutupa vimevunjika hapo, na kwenye picha havionekani kuwa na kasoro.

Kuhusu madini, sumaku inasaidia lakini haimalizi kazi. Ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Isiposhika, inaweza kuwa shaba, aluminiamu au zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Geuza bamba utazame mgongo wake ambao haukung'arishwa: shaba ni ya njano mpaka nyuma, zinki ni ya kijivu. Na usikimbilie kuing'arisha. Shaba nyingi ya kipindi hiki ilitoka kiwandani ikiwa imepakwa vanishi angavu, na madoa ya kahawia unayoyaona ni mahali vanishi ilipopasuka na hewa ikaingia. Ukisugua kwa dawa ya kung'arisha, unapata viraka, na ile mistari myembamba iliyochorwa kiwandani inafutika na hairudi. Ondoa vanishi yote kwanza, au iache kama ilivyo. Mimi ningeiacha.

Mikono ya Ulaya, na vitasa vya kwetu

Ulaya hawakupenda sana vishikio vya duara. Walibaki na mkono wa kukandamiza, na wasanifu wakubwa waliuchora wenyewe kwa majengo yao. Gio Ponti alibuni mikono kwa ajili ya kampuni ya Olivari ya Italia katika miaka ya 1950. Arne Jacobsen alichora mkono uliopinda kufuata kiganja kwa ajili ya hoteli ya SAS Royal mjini Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1960, na chumba nambari 606 cha hoteli hiyo kimehifadhiwa na samani zake alizozibuni. Alvar Aalto wa Ufini alitengeneza vishikio vya shaba nyeusi vya milango ya majengo ya umma, vilivyopindika ili viwili au vitatu vipangwe wima kimoja juu ya kingine, hivyo mtoto na mtu mrefu wote wapate pa kushika. Kwangu mimi hakuna kifaa cha mlango kilichofikiriwa vizuri kuliko hicho.

Mikono hii ina mtego wake. Mingi haikuwa na springi ndani yake. Ilitegemea springi iliyo kwenye sanduku la kitasa. Ukiifunga kwenye kitasa kilichochoka, inalegea na kuning'inia. Wanunuzi wanaulaumu mkono, ilhali tatizo liko ndani ya mlango. Na kuna kifimbo cha mraba kinachopita katikati kuunganisha mikono miwili: Ujerumani unene wake kwa milango ya ndani ni 8 mm, Uingereza vipo vyembamba kidogo kuliko hapo, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuufanya mkono uchezecheze.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki namba muhimu zaidi ni nyingine. Nyumba zetu za zama hizo zilifuata vipimo vya Waingereza, na kitasa kilichotawala ni Union, kilichotengenezwa na Josiah Parkes & Sons wa Willenhall, mji wa Uingereza ulioishi kwa kutengeneza vitasa na kufuli. Kwenye kitasa cha Kiingereza cha aina hii, umbali kutoka katikati ya tundu la mkono hadi katikati ya tundu la ufunguo kwa kawaida ni 57 mm. Kwenye kitasa cha Kijerumani cha mlango wa ndani ni 72 mm. Mkono wa Kijerumani wenye bamba moja refu lililobeba matundu yote mawili hauwezi kukaa kwenye mlango uliotobolewa kwa Union, hata ufanyeje, kwa sababu ufunguo utagonga shaba. Ule wenye vibamba viwili vya duara vilivyotengana, kimoja cha mkono na kimoja cha ufunguo, unaweza, kwa kuwa kila kibamba kinafungwa mahali pake. Mtu akikuuliza anunue upi kutoka nje, mwambie hivyo.

Hapa nina jambo la kusema kwa uchungu. Nyumba za miaka ya 1950 za Upanga jijini Dar es Salaam zinabomolewa kupisha maghorofa, na hali haiko mbali na hiyo katika mitaa ya zamani ya Nairobi na Mombasa. Milango inakwenda kuni, na vitasa vyake vya shaba vinaingia kwenye mizani ya vyuma chakavu na kuuzwa kwa kilo. Ni vitasa vizima, vyenye funguo zake, vilivyofungwa na mafundi waliojua kazi. Kabla ya kuagiza bamba la nyota kutoka California, mkusanyaji wa hapa afike kwenye ubomoaji na msimamizi wa eneo, alipe zaidi kidogo ya bei ya chakavu, na aombe kitasa kitolewe pamoja na kipande cha chuma kinachokaa kwenye fremu kupokea ulimi. Kipande hicho ndicho kinachosahaulika kila mara, na bila hicho mlango haushiki.

Ukuta uliogeuka kabati

Mwezi Januari 1945, gazeti la Life la Marekani lilionyesha wazo la msanifu majengo George Nelson lililoitwa Storagewall. Nelson aliangalia ukuta unaotenganisha vyumba viwili akaona nafasi inayopotea. Ukiuongezea unene kidogo, ukuta mzima unakuwa kabati lenye pande mbili, na chumba kinabaki wazi. Kampuni ya samani ya Herman Miller ilimwajiri kuongoza ubunifu wake, na makabati aliyoyatoa kuanzia mwaka 1946 yalikuwa ya kupanga: mnunuzi alichagua masanduku na benchi la kuyakalisha. Mwaka 1950 wabunifu Charles na Ray Eames walikwenda mbali zaidi kwa kabati la nguzo za chuma, plaiwudi na mabamba ya rangi, ambalo sehemu zake zilibadilishana kama vipuri.

Ulaya ya Kaskazini walifika hapo kwa njia yao. Poul Cadovius wa Denmark alitoa Royal System mwaka 1948: reli za mbao zinapigwa ukutani, na rafu, droo, hata meza ya kuandikia vinaning'inizwa juu yake, sakafu ikabaki tupu. Mwaka 1949, Nisse na Kajsa Strinning wa Uswidi walishinda shindano la wachapishaji vitabu Bonnier kwa rafu za String, ambazo ubavu wake ni ngazi nyepesi ya waya uliovikwa plastiki. Bonnier walitaka rafu ya bei nafuu, rahisi kusafirisha na kufunga, ili watu wapate pa kuweka vitabu, maana mwenye pa kuviweka atavinunua. Ujerumani, Dieter Rams alibuni mfumo wa 606 mwaka 1960 kwa kampuni ambayo leo inaitwa Vitsœ, nao unatengenezwa mpaka sasa.

Ninaowapenda zaidi katika historia hii ni Børge Mogensen na Grethe Meyer wa Denmark. Katika miaka ya 1950 walianza kazi ya makabati waliyoyaita Boligens Byggeskabe, na hawakuanza kwa kuchora. Walianza kwa kupima vitu vya ndani ya nyumba: shati lililokunjwa lina upana gani, sahani zinachukua nafasi kiasi gani, mtu wa kawaida ana mashuka mangapi. Upana wa droo ulitokana na shati, na upana wa kabati ulitokana na droo. Ukivuta droo ya kabati la aina hiyo leo, ukaona ina kina kidogo kuliko ulivyotarajia, usidhani seremala alibana mbao. Kina hicho ni cha nguo zilizokunjwa, ili za chini zisizikwe na za juu. Makabati mengi yanayouzwa sasa hayajafikiriwa hivyo, na ndiyo maana shati moja tu likitafutwa, droo nzima inachakuliwa.

Haya yote yana matokeo kwa anayenunua. Kabati lililo sehemu ya mfumo huthaminiwa kwa ukamilifu wake. Mbao za Royal System zipo nyingi sokoni. Vishikizo na reli zake ndivyo adimu, kwa sababu nyumba ikihamwa watu hubeba rafu na kuacha reli ukutani. Hesabu reli, vishikizo na pini kwenye picha kabla ya kuuliza bei. Mifumo inayotengenezwa hadi leo, kama String na 606, ina faida kwamba kipande kilichopotea kinaweza kutafutwa kipya, ingawa ni lazima kwanza uthibitishe kwamba vipimo vya toleo lako vinaoana nacho. Mfumo uliokufa unakulazimu kununua seti ya pili iliyoharibika ili uvune vyuma vyake.

Makabati marefu ya chini, yale ya sebuleni yenye milango ya kuteleza au ya bawaba, ni rahisi zaidi kuishi nayo kwa kuwa yanajitegemea. Uingereza, kampuni ya E. Gomme ya High Wycombe ilianzisha G-Plan mwaka 1953, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa masharti ya samani za wakati wa vita, na ikawaruhusu watu kununua kipande kimoja kimoja kadiri ya mfuko badala ya seti nzima ya chumba.

Soma mgongo kabla ya uso

Muuzaji hupiga picha za mbele. Wewe omba za nyuma, za chini, na za droo ikiwa imetolewa nje kabisa.

Tuanze na fikra potofu iliyoenea: kwamba kabati la kweli lazima liwe la mbao ngumu tupu, na vinia, yaani ganda jembamba la mbao linalogandishwa juu ya ubao mwingine, ni ulaghai. Sivyo. Makabati bora ya Denmark yalikuwa na vinia ya mtiki au palisanda iliyogandishwa juu ya mbao za kuunganishwa au mbao za chembe (chembe za mbao zilizobanwa kwa gundi), na kingo zake zikawekwa mbao ngumu. Vinia iliruhusu mistari ya mti ifuatane bila kukatika kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho, jambo ambalo ubao mzima hauwezi kulifanya. Kuanzia miaka ya 1960, mbao za chembe zilitumika hata na viwanda vyenye heshima. Kwa hiyo kuziona mgongoni hakuthibitishi kwamba kabati ni la bandia.

Kinachosema zaidi ni skrubu. Skrubu yenye kichwa cha msalaba wa kawaida ilikuwapo tangu miaka ya 1930, kwa hiyo haiondoi uhalali. Lakini kuna msalaba wenye vijistari vinne vyembamba zaidi kati ya mikono yake. Huo ni Pozidriv, na ulianza katika miaka ya 1960. Ukiukuta kwenye kabati linaloitwa la mwaka 1952, ama skrubu zimebadilishwa ama mwaka ni wa kubuni. Tazama kama mashimo yake yana alama za skrubu nyingine iliyotangulia. Bawaba nazo zina tarehe. Ile inayojificha ndani ya kitobo cha duara cha 35 mm, ambayo leo iko kwenye kila kabati la jikoni, ilienea kuanzia miaka ya 1960 na kuendelea. Makabati ya kabla ya hapo yana bawaba ya shaba inayoonekana, bawaba ndefu ya urefu wa mlango mzima, au pini ndogo juu na chini.

Kisha muhuri. Makabati ya Denmark yaliyokaguliwa yana alama ya Danish Furnituremakers' Control iliyochomwa au kubandikwa, mara nyingi kwenye mgongo au ndani ya droo. Samani za G-Plan za awali zina muhuri wa rangi ya dhahabu; kibandiko chekundu kilikuja baadaye. Muhuri unaweza kuhamishwa, kwa hiyo angalia kama rangi ya mbao inayouzunguka imezeeka pamoja nao.

Kuna pia makabati mapya ya miundo ya zamani, na hayako sawa yote. Toleo linalotengenezwa kwa idhini ya mwenye haki ni kitu halali kinachouzwa kwa jina lake. Nakala isiyo na idhini ni jambo jingine, na Uingereza iliibana zaidi tarehe 28 Julai 2016, ilipoondoa kifungu kilichokuwa kikikomesha ulinzi wa miundo ya kisanaa baada ya miaka 25 tangu ianze kuuzwa. Nakala zilizotengenezwa kabla ya hapo zimeanza kuchakaa, na zingine sasa zinauzwa kama za kale.

Anayeishi pwani aongeze swali la unyevu. Mbao za chembe zikilowa zinavimba na hazirudi. Gundi za zamani, hasa zile za ngozi na mifupa ya wanyama, zinalegea kwenye joto lenye unyevu, na vinia inanyanyuka kwenye kingo. Gonga uso wa kabati kwa kidole polepole. Sauti ikibadilika kuwa ya utupu, vinia imeachia hapo. Eneo dogo seremala analiweza kwa gundi na uzito. Eneo kubwa ni afadhali uliache kabati kwa mwenye nyumba kavu.

Mti wenyewe unaweza kulizuia kabati

Sehemu inayoumiza wengi imebaki. Palisanda ya Brazil, mti uitwao kitaalamu Dalbergia nigra, ilipamba makabati ghali zaidi ya Denmark katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1992 iliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake; hicho ndicho kiambatisho chenye masharti makali zaidi. Tangu Januari 2017, jenasi nzima ya Dalbergia imeorodheshwa, nyingi zikiwa katika Kiambatisho cha Pili, ambacho biashara yake inaruhusiwa kwa vibali, pamoja na mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon.

Wengi hudhani kwamba kitu cha zamani kimesamehewa. Katika sheria za Umoja wa Ulaya na Uingereza, msamaha wa vitu vya kale unahusu vilivyotengenezwa kabla ya tarehe 3 Machi 1947. Kabati la mwaka 1962 halimo. Likiwa la palisanda ya Brazil, kuliuza huko kunahitaji cheti, na kulisafirisha nje kunahitaji hati inayothibitisha kwamba mti wake ulipatikana kabla ya masharti ya mkataba. Mtiki, uliotumika kwenye makabati mengi zaidi, hauna kizuizi hiki. Afromosia, iliyotumiwa na Waingereza badala ya mtiki na inayomea hadi misitu ya Kongo kuzunguka Kisangani, iko katika Kiambatisho cha Pili tangu mwaka 1992. Na kuna mti unaoitwa palisanda ya Santos ambao si Dalbergia kabisa, ingawa wauzaji huuita kwa jina lile lile la biashara.

Kwa hiyo usiridhike na neno palisanda kwenye tangazo. Omba jina la kitaalamu la mti kwa maandishi, na uliza kama cheti kipo. Cheti huombwa na muuzaji katika nchi ambayo kabati liko, kabla halijapakiwa, na huchukua muda. Muuzaji anayejua kazi yake atakutajia hati hiyo kabla hujamaliza kuuliza. Asiyeijua, mnunulie kabati la mtiki.